Kazi ya tiba ya mzazi na mtoto mchanga ndani ya NHS: mwongozo kamili kwa anayetaka kuingia na aliyeingia juzi

Manesi, wakunga na watu wa saikolojia wa kutoka kwetu walioko huku Uingereza wananiuliza sana hii kazi ya ndani ya NHS (huduma ya afya ya umma ya huku) ikoje, unaingiaje, ukishaingia unafanya nini hasa na mtoto wa wiki sita ambaye hata kuongea hajaanza. Nimeamua niandike yote sehemu moja. Ni ndefu kwa hiyo tafuta chai.

Kwanza kabisa, ukikosa hili mengine hayatakaa sawa. Mgonjwa wako sio mama peke yake wala mtoto peke yake, ni kile kilichoko kati yao. Unaweza kukuta mama ana sonona kabisa na bado yeye na mtoto wanaelewana vizuri tu, anachohitaji ni dawa na usingizi, na mwingine fomu zote safi, analipa bili, nyumba inang'aa, lakini mtoto wa miezi mitano hamtazami usoni. Huyo wa pili ndo wako. Shida ni kwamba mfumo wa huduma ya umma umejengwa kupima mtu mzima, kila kitu kinakusukuma kwenye maksi za mama, na mtoto anabaki kwenye kiti chake cha gari pembeni ya mlango ananyonya dole, saa nzima inaisha hakuna aliyemwangalia. Ukinielewa hapo tu, yaani kwamba kazi yako kubwa ni kumrudisha yule mtoto katikati ya chumba, umeshaelewa nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Kuingia

Kuna njia ndefu na njia fupi. Ndefu ni kusomea tiba ya kisaikolojia ya watoto na vijana na kusajiliwa na Association of Child Psychotherapists. Mafunzo ya kliniki ni miaka 4, unasoma huku umeajiriwa NHS unalipwa bendi 6 (bendi ni ngazi ya mshahara), ukimaliza unaanzia bendi 7. Wewe mwenyewe pia unakuwa kwenye tiba mara kadhaa kwa wiki muda wote huo, na hilo ndo linalowashtua watu kuliko masomo yenyewe. Kabla ya hapo kuna kozi ya awali ambayo ndani yake unamtazama mtoto mmoja nyumbani kwao tangu anazaliwa mpaka anafika miaka 2, saa moja kila wiki. Huandiki kitu pale, humshauri mama, huchezi na mtoto kama mjomba, unakaa unaangalia, ukirudi kwako ndo unaandika kila unachokumbuka. Esther Bick, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia, ndo aliyeanzisha zoezi hilo mwaka 1948 pale kliniki ya Tavistock, London, na mpaka leo halijapata mbadala.

Njia fupi ni kwa aliye tayari na taaluma yake, kama wewe ni mtu wa saikolojia, nesi wa akili, mtu wa ustawi wa jamii, au helthi vizita (namaanisha wale manesi wanaotembelea kila familia yenye mtoto mdogo), unaongezea kozi ya tiba ya mzazi na mtoto mchanga au kozi ya kutumia video, na unaingia kwenye timu kwa taaluma yako ileile. Sio njia mbaya. Ila mimi ningekushauri hata kama hulazimishwi, tafuta namna ya kufanya ule utazamaji wa mtoto mmoja, manake mtu ambaye hajawahi kukaa kimya saa nzima mbele ya mtoto anakuwa na haraka sana ya kushauri.

Alafu uliza mapema timu unayoomba ni ya upande gani. Zile timu za afya ya akili za wajawazito na waliojifungua ni za watu wazima, mgonjwa aliyesajiliwa ni mama, na kwa mpango wa NHS wa mwaka 2019 zilitakiwa zipanuke kumhudumia mpaka miezi 24 baada ya kujifungua badala ya 12. Timu za upande wa watoto, mgonjwa ni mtoto. Inaonekana ni mambo ya makaratasi tu lakini inaamua faili linafunguliwa kwa jina la nani, nani akipona kazi inahesabika imeisha, na nani akipotea kwenye kompyuta hakuna anayeuliza. Kama uko upande wa watu wazima, kwenye kila noti andika aya nzima ya mtoto: anaonekanaje, anatazama wapi, uzito unapandaje, umemwona macho au amelala.

Hatua ya 2: Rufaa ikifika mezani

Rufaa nyingi ni mistari mitatu. "Mama anasema haoni kama anampenda mtoto. Naomba msaada." Kabla hujapanga kikao mpigie simu helthi vizita, ni dakika kumi ambazo zitakuokolea mwezi. Huyu anaiona familia ujauzito ukiwa mkubwa, siku ya 10 mpaka 14 baada ya kuzaliwa, na tena wiki ya 6 mpaka 8, kwa hiyo ameshaingia ndani ya nyumba, anajua kama kuna mapazia, kama baba yupo, kama kuna mama mkwe. Muulize uzazi ulikuwaje, mtoto alikaa chumba cha watoto njiti au la, mama alimshika lini mara ya kwanza, kuna mtoto mwingine aliyewahi kuchukuliwa, kuna kipigo ndani. Muulize pia mama anaongea lugha gani akiwa amekasirika, hiyo ndo lugha ya kuombea mkalimani, sio ile aliyoandika kwenye fomu ya GP (daktari wa familia).

Na hapohapo kwenye rufaa angalia dalili tatu ambazo ripoti za kitaifa za vifo vya uzazi zimezipigia kelele: hali ya akili kubadilika ghafla au dalili mpya kutokea, mawazo au vitendo vipya vya kujidhuru kwa ukatili, na mama anayeng'ang'ania kwamba hafai kuwa mama au kwamba mtoto ni kama mgeni kwake. Hata moja tu, hiyo sio ya kusubiri foleni yako, ongea na daktari wa akili wa timu siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Chumba

Tandika mkeka au blanketi nene sakafuni, weka vitu vichache: kijiko cha mbao, kitambaa, mpira mdogo, kioo kisichovunjika. Toa midoli ya betri yote, ile inaimba yenyewe na kumnyamazisha kila mtu. Hakikisha kuna pa kubadilishia nepi na maji ya kunywa kwa anayenyonyesha. Muulize mama mtoto analala saa ngapi ndo upange muda, manake ukipanga saa nne kwa sababu chumba kipo wazi saa nne, utatibu mtoto aliyelala. Kikao chenyewe kama dakika 50 ila jiwekee nafasi ya saa na nusu, kuvalisha mtoto koti na kumfunga kwenye kigari ni sehemu ya kikao na mara nyingi jambo zito linasemwa pale mlangoni zipu ikifungwa.

Na wewe ukae chini. Sio kwenye kiti umeinama, chini kabisa. Kama magoti hayataki, mto.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Anza kwa kumsalimia mtoto kwa jina lake, taratibu, kutoka mbali kidogo. Mchanga anaona vizuri kwenye sentimita 20 mpaka 30 hivi, lakini huo umbali ni wa mama yake, wewe subiri ualikwe. Alafu mweleze mama waziwazi kwamba mtakuwa watatu hapa na utakuwa unamtazama mtoto huku unamsikiliza yeye, ukimtupia macho mtoto sio kwamba humsikilizi.

Nina maswali ambayo sikosi. Nieleze siku alipozaliwa. Anakukumbusha nani? Ukimwona analia unahisi anakuambia nini? Hilo la pili linafungua mambo ambayo fomu ya kurasa nane haifungui, kuna mama atakujibu "baba yake, macho yaleyale" na uso wake unabadilika, hapo hapo unajua mtoto anaishi na uso wa mtu mwingine.

Wakati mama anaongea wewe angalia hali ya mtoto. Kitaalamu kuna hali sita: usingizi mzito, usingizi mwepesi, kusinzia, kuwa macho kwa utulivu, kuwa macho kwa fujo, na kulia. Angalia anatoka hali moja kwenda nyingine vipi, nani anamsaidia, na mama akifika kwenye sehemu gani ya simulizi yake mtoto anabadilika. Angalia pia kisichotokea. Mtoto wa miezi sita ambaye halii kabisa, haombi kitu, ametulia mno, kila mtu anasema "mtoto mzuri huyu hasumbui", mimi huyo ananitia wasiwasi kuliko anayepiga kelele.

Nikupe mfano, nimechanganya familia kadhaa ili asijulikane mtu. Binti wa miezi minne yuko kwenye mkeka amelala chali, mama amepiga magoti anamtikisia kichezeo usoni. Mtoto anageuza kichwa kushoto. Mama anahamia kushoto, anatikisa zaidi, sauti inapanda. Mtoto anageuza kulia, ngumi zimekunjwa, anapata kwikwi. Mama anakaa kitako ananiambia, "Unaona? Hanipendi." Ningeweza kumpa somo la kuwasisimua watoto kupita kiasi, angeitikia ndio ndio na asirudi. Badala yake nikaongea kama mtoto, kwa sauti ya chini, "Mama ngoja kidogo, nimechoka macho, napumzika alafu nakuja." Tukakaa kimya wote. Sekunde kadhaa ambazo kwa mama zilikuwa ndefu sana. Mtoto akafungua ngumi, akashusha pumzi, akarudisha kichwa taratibu akamtafuta mama yake kwa macho. Mama akasema "amerudi" na akaanza kulia. Kikao chote kilichobaki tulikuwa tunazungumzia hilo tu, nani aliwahi kumsubiri yeye.

Hiyo ya kugeuza kichwa sio dharau, ni namna mtoto anavyojituliza. Mwanasaikolojia Edward Tronick miaka ya 1970 alionyesha kwa jaribio lake maarufu, mama anacheza na mtoto kisha anaambiwa akaushe uso, asitabasamu asiitikie, na mtoto anajaribu kila mbinu kumrudisha, kutabasamu, kunyoosha mikono, sauti, mwisho anakata tamaa na kugeuka pembeni. Usilifanye kliniki hata siku moja, ila lijue. Na yeye huyohuyo alionyesha kwamba hata kwa mama na mtoto wanaoelewana, muda mwingi hawako sawia, wanapishana na kurudiana, kinachojenga ni ule urudianaji. Hii ukimwambia mama aliyekuja anadhani wenzake hawakosei, utaona mabega yanashuka.

Hatua ya 5: Kazi ya katikati

Vikao vinavyofuata unachagua chombo kulingana na mtu. Kuna cha kumwacha mtoto aongoze: mama anakaa chini nusu saa anafuata tu anachofanya mtoto, hafundishi, haelekezi, alafu mnaongea alichokiona. Rahisi kusikia, ngumu kufanya, kuna mama dakika tano tu zinamtoa jasho.

Kuna video. Unarekodi dakika tano mpaka kumi za mchezo wa kawaida, kwa kifaa cha kazi sio simu yako, kwa ridhaa ya maandishi. Unakwenda kutafuta sekunde chache ambazo waliungana, hata kama zilizobaki zote zilikuwa vurugu, na wiki ijayo unamwonyesha hizo tu. Unasimamisha picha pale mtoto anapomtazama. Usieleze. Muulize, "Unaona nini hapa?" na ufunge mdomo. Hii inafaa hasa kwa mama ambaye maneno yamemchosha, ameshahojiwa na kila ofisi.

Na kuna mizimu. Selma Fraiberg, mtaalamu wa tiba ya watoto wachanga, na wenzake kule Ann Arbor, Michigan, Marekani, walikuwa wanafuata familia nyumbani, tiba inafanyika jikoni, na mwaka 1975 wakaandika kwamba kwenye chumba cha kila mtoto kuna mizimu ya yale mzazi aliyotendewa utotoni, inaingia bila hodi. Walikuwa na mama ambaye mtoto analia na yeye hasikii, kama vile hayupo chumbani. Hawakumfundisha kubeba mtoto. Walimsaidia akumbuke kilio chake mwenyewe ambacho hakuna aliyekisikia, na baada ya yeye kulia ndo akamchukua mtoto wake. Kwa vitendo, mama asiyevumilia kilio muulize, "Wewe ulipokuwa unalia nani alikuwa anakuja?" Ila usiulize wiki ya kwanza, na usiulize kama zimebaki dakika tano.

Baba naye. Barua iandikwe kwa wote wawili kama wote wanaishi na mtoto na ni salama, weka hata kikao kimoja cha jioni kama meneja anakubali. Ukimwalika baba kama dereva atakaa kwenye gari.

Hatua ya 6: Familia zetu

Hapa nimekazia zaidi kwa sababu kuna wakati wewe ndo pekee kwenye timu unayejua. Nyumbani mzazi ana arobaini yake, uji, maji ya moto, kukandwa, kuna mikono mingi ya kumpokea mtoto. Huku yuko ghorofa ya tano, lifti mbovu, mume amerudi kazini baada ya wiki mbili za likizo ya sheria, mama yake mzazi yuko Mombasa au Tanga kwenye simu. Mpweke kiasi hicho akikuambia hampendi mtoto, uliza kwanza nani anampikia.

Watu wetu hawasemi nina sonona. Wanasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna, nawaza sana. Ile dodoso ya Edinburgh ya kupima sonona ya mama, ya mwaka 1987, maswali 10, jumla 30, ambapo 13 na kuendelea inakufanya ukae macho, usimpe ajaze pale mapokezi. Isomeni pamoja swali kwa swali, na swali la 10 la kujidhuru liulize hata kama tisa za mwanzo zilikuwa sifuri sifuri.

Utakutana na imani. Mtoto hanenepi na bibi amesema amebemendwa, kwa hiyo mama analaumiwa na ukoo mzima kwa simu, na mume hamgusi. Usicheke na usitoe lekcha. Uzito unafuatiliwa na daktari wa watoto, sambamba na hilo unauliza hayo maneno yamefanya nini ndani ya nyumba. Bibi akiwa amekuja kwa viza ya matembezi, mwalike, shikamoo yake aipate, muulize yeye aliwalea vipi, ukimruka utakuwa na mtibabu mwenzio anayefuta kazi yako kila jioni.

Mkalimani asiwe ndugu, na kama jamii ni ndogo asiwe wa mji huohuo. Omba yuleyule kila wiki. Mwambie kabla ya kikao asipambe maneno, mama akisema "natamani nisimwone" litoke hivohivo.

Alafu kuna sosho, yaani watu wa ustawi wa jamii. Hofu ya kunyang'anywa mtoto iko kila nyumba ya mhamiaji, na mama atakuficha kila kitu kwa sababu hiyo. Mwambie dakika za kwanza kabisa: haya yanabaki hapa, haya siwezi kuyaficha, nikilazimika kuongea na ustawi wa jamii nitakuambia wewe kwanza isipokuwa kukuambia kutamhatarisha mtoto. Alafu ufanye hivohivo ulivyoahidi.

Hatua ya 7: Hatari

Tofautisha vitu viwili ambavyo vinachanganywa kila siku. Mama anayekuambia kwa aibu na kutetemeka kwamba akiwa jikoni anaona picha kichwani anamchoma mtoto kisu, na ameficha visu vyote, hataki kubaki naye peke yake: mara nyingi hayo ni mawazo vamizi, yanamtisha mwenyewe, yanatibika, na ukimkimbizia polisi umemwangamiza. Pima hatari kama kawaida, zungumza na timu, mpe jina la kitu kinachomsumbua. Tofauti na mama ambaye halali na wala hahisi anahitaji usingizi, anaongea haraka au amekauka, anaona mtoto amebadilishwa au ana ujumbe maalumu, na haoni ajabu kwenye hilo. Hiyo ni saikosisi ya baada ya kujifungua, inampata mama 1 au 2 katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura ya leo hii. Usimwache peke yake na mtoto, ita timu ya dharura, na uombe wodi ya mama na mtoto ili wasitenganishwe kama inawezekana.

Hatua ya 8: Noti, supavisheni na kufunga

Noti ziandikwe siku hiyohiyo. Andika ulichokiona kabla ya maana yake, "aligeuza kichwa mara tatu" na sio "hana mshikamano", kumbuka mama ana haki ya kuzisoma. Supavisheni (kukaa na mtaalamu mzoefu mkajadili kazi yako) kila wiki usiiuze kwa kikao cha ziada hata foleni iwe ndefu vipi. Dakika 50 mbele ya mtoto anayelia bila kubebwa zinaamsha vitu ndani yako, utajikuta unamchukia mama au unataka kumchukua mtoto ukamlee wewe, na mtu wa kuambiwa hayo sio mumeo.

Tarehe ya mwisho itajwe mapema. Mtoto wa mwaka mmoja anakujua, kwa hiyo muage naye kwa maneno, na usihame timu kimyakimya.

Kwa walioko nyumbani

Msiseme hii ni ya nchi tajiri. Khayelitsha, Cape Town, wanawake wa kawaida wa mtaani walifundishwa wakatembelea wajawazito na wazazi majumbani mara 16 mpaka mtoto anafika miezi 6. Utafiti ulihusisha wajawazito 449 na matokeo yakatoka mwaka 2009: mama waliotembelewa walikuwa wepesi zaidi kusoma ishara za watoto wao, na kwenye miezi 18 watoto wenye mshikamano salama (mtoto anamwona mzazi kuwa kimbilio lake) walikuwa asilimia 74 dhidi ya 63 kwa wasiotembelewa. Johannesburg, shirika la Ububele linatandika mkeka ndani ya zahanati za Alexandra, mama anayesubiri foleni anakaa na mtoto wake chini na mtaalamu, wanaongea kidogo, anaendelea na shughuli zake.

Hilo la mkeka ukiwa kliniki ya mama na mtoto popote pale unaweza kulianza wiki ijayo. Chagua siku ya kupima uzito, kaa karibu na benchi la kusubiria lakini sio kwenye njia ya mizani, anza na mama mmoja mmoja, muulize tu "leo huyu yukoje?" na mtazame mtoto unapouliza. Panga kabla na muuguzi wa zamu nani anapokea mama mwenye hali mbaya siku hiyohiyo, na mganga mfawidhi ajue mapema, la sivyo ukitoka kwenda kunywa chai utakuta mkeka umekunjwa na ndoo imewekwa juu yake.